Bibi Mkurugenzi

4 Februari

Mume wangu,

Nakusalimu kwanza, maana nimekulea kwa salamu hata kama wewe siku hizi unaanza na "sikiliza". Mimi nipo. Goti la kulia linauma asubuhi, likipata joto linanyamaza, jioni linaanza tena kama mke mwenza mwenye kinyongo. Mama yako mdogo yupo, bado anafua palepale hospitali nilipofua mimi miaka thelathini na moja. Wamewaletea mashine mpya. Ile ya zamani imetupwa uani, nikaenda kuiaga. Usicheke. Nimeishi na ile mashine miaka mingi kuliko nilivyoishi na babu yako, na haikuwahi kunidanganya.

Simu uliyonitumia imelala kabatini. Sikio la kushoto lilikufa kwa kelele za mashine za kufulia, la kulia linachagua la kusikia. Kwa hiyo nakuandikia, kwa mkono wangu, bila kumpigia mtu magoti. Ukikuta kosa, nyamaza.

Sasa nikueleze. Alhamisi alikuja mwanamume wa suti ya kijivu, amekumbatia faili kifuani kama mtoto mchanga. Mpelelezi, anasema. Nikamkaribisha, akaenda kukaa juu ya meza yangu ya pasi. Nikamwambia hicho si kiti, akahama. Kisha akaniuliza, "Bibi, wewe ndiye mkurugenzi mkuu?"

"Mkurugenzi wa nini? Hata kuku sina."

Akatoa karatasi, nikaona sahihi yangu. Ile yenye mkia mrefu, siwezi kuikosea. Juu yake pameandikwa kwamba mimi ni mkurugenzi mkuu wa kampuni ya kuagiza vipuri vya mashine za kilimo. Mimi, ambaye jembe nimelishika mara mbili nikalirudisha.

Nikakumbuka ile siku ulipokuja na karani wako, yule mama wa miwani. Ulinipa karatasi tatu, ukasema ni za wodi ya wazazi utakayoijengea hospitali. Karani akanishikia karatasi kwa kiganja isiteleze, nikatia sahihi juu ya meza ya pasi. Aliningoja. Watu wengi wakiona mzee anaandika polepole huanza kukohoa, yeye hakukohoa.

Wodi sijaiona. Mpelelezi nimemwona. Nieleze.

Bibi yako


27 Februari

Mke wangu wa kwanza na wa mwisho,

Barua yako imenikuta mzima, nikaisoma mara mbili, ya pili kwa ajili ya mashine uliyokwenda kuiaga. Nimecheka peke yangu mpaka msaidizi wangu akachungulia. Huku ni baridi. Ofisi yetu iko ghorofa ya kumi na tisa, ukuta mzima ni kioo kisichofunguka, na zulia limemeza sauti zote. Mtu anakufikia mezani hujamsikia. Nakula vizuri, kabla hujauliza. Nakutumia blanketi mbili na dawa ya kuchua goti. Moja mpe Mama Mdogo, mwambie asilale nayo imekunjwa kwa kuionea huruma.

Kuhusu mgeni wako wa suti ya kijivu, usijiumize kichwa. Ni mambo ya ofisi. Kazi yangu unaijua. Walimu, wauguzi, madobi kama ninyi, wanaweka akiba zao kwenye mfuko mmoja, nasi tunazipeleka zikafanye kazi wakati wao wamelala. Wakistaafu wanazikuta zimezaa. Nilipoanza, magazeti yaliniita mkombozi wa watu wa mishahara midogo, ukazikata zile picha ukazibandika ukutani. Magazeti hayohayo leo yananiita majina mengine. Mti wenye matunda ndio unaopigwa mawe.

Akija tena, mwambie unaumwa. Wakili wangu atakuja kukuona. Wodi itajengwa, ramani ipo. Na jambo hili tusilizungumze kwa simu, hata sikio lako likipona.

Mumeo


19 Machi

Mume wangu,

Tunashukuru, blanketi zimefika. Mama Mdogo amelala na yake imekunjwa, usingemwambia asingefanya hivyo. Dawa inanuka kama rangi ya mlango, ila goti limeiheshimu. Jirani yetu fundi saa amefiwa na kaka yake, tulikwenda kukaa naye. Paa halivuji. Hayo ndiyo ya nyumbani.

Nimekuuliza swali, umenijibu kwa blanketi. Mtoto wewe! Hata ulipokuwa unavunja vikombe hukusema "sikuvunja", ulikuwa unasema "Bibi, pumzika, leo nitaosha vyombo mimi."

Mwenye suti ya kijivu alirudi. Nilimwambia naumwa goti, na ni kweli, akasema hakuja kwa ajili ya goti. Akanionyesha picha. Masanduku ya mbao yamepangwa ndani ya ghala mpaka darini, kila moja lina chapa ya kampuni yangu. Anasema yamevuka mpaka. Sasa, ng'ambo ya mpaka wana vita, huu mwaka wa pili. Watu wameacha mashamba, wengine tunawaona hapa wamebeba vyungu vitupu. Vipuri vya mashine za kilimo wanavifanyia nini?

Nikuambie la hospitali. Majeruhi wa kule wanaletwa kwetu, kila siku gari linaingia. Unajua nilivyomfundisha mama yako mdogo: shuka ya damu huianzii kwa maji ya moto, maji ya moto huifunga damu ndani ya uzi, haitoki tena. Unaisuuza kwanza kwa maji baridi, unaibadilishia maji, unaisuuza tena. Sasa anasema maji baridi hayatoshi. Bomba linakauka lundo la shuka bado limesimama. Anarudi nyumbani vidole vimekunjamana kama vya mtoto aliyesahauliwa kwenye beseni, anakula bila kusema neno. Na yeye tangu nilikuwa naye kazini ni msemaji, unamjua.

Swali langu ni moja, nalirudia ili usilipite pembeni. Ndani ya masanduku kulikuwa na nini?

Halafu, karani wako yuko mahabusu. Mpelelezi anasema wakili wako amekwenda kuwaambia polisi kwamba sahihi si yangu, karani ameighushi. Kwa nini aseme hivyo? Wewe ulikuwepo. Ulikuwa umesimama mlangoni kwangu, umenipa mgongo, unazungumza na simu. Lakini ulikuwepo.

Bibi yako


30 Aprili

Bibi yangu mpenzi,

Nisamehe kimya. Nimeanza barua hii mara nne. Nakutakia afya, wewe na Mama Mdogo, na mpeni pole fundi saa. Mimi nimehama kwa muda, nakaa kwenye nyumba ya kupanga, vyumba viwili, fanicha si zangu. Jirani wa juu anatembea na viatu. Chakula bado nakula.

Hukunilea niwe mjinga, na wewe si mjinga, kwa hiyo nakujibu. Mimi ni dalali. Dalali wa nyumba hajengi nyumba wala hahamii. Anamjua mwenye kuuza, anamjua mwenye kutaka, anawakutanisha, anachukua chake, anaondoka. Mimi niliwakutanisha watu wenye kiwanda na watu wenye haja. Ndani ya masanduku kulikuwa na risasi, na vitu vingine vya aina hiyo. Sijawahi kuigusa hata moja. Serikali zote zinanunua, Bibi, zenye makanisa na zenye misikiti. Nisingewakutanisha mimi, angewakutanisha mwingine, na huyo mwingine asingewajengea wazazi wodi.

Kiwanda kile kilikuwa kimekufa. Mfuko wetu ndio uliokinunulia mashine. Wanachama wamepata faida miaka mitatu mfululizo, hakuna hata mmoja aliyeandika kuuliza imetoka wapi. Mama Mdogo ni mwanachama, nadhani unakumbuka.

Jina lako nililitumia kwa sababu kampuni ilihitaji mtu asiye na historia yoyote ya biashara. Jina safi. Katika watu wote ninaowajua, wewe ndiye mwenye jina safi. Nilikusudia kulitoa baada ya mwezi. Mambo yakanizidi kasi.

Sasa nisikilize vizuri. Kesi ya karani itasikilizwa tarehe 14 Julai, na utaitwa shahidi. Wakili atakuja na daktari. Daktari ataandika kwamba kumbukumbu zako zimepungua, jambo la kawaida kwa umri wako. Wewe utaweka dole gumba chini ya cheti hicho, usitie sahihi. Mtu anayeweka dole gumba hajui kuandika, na asiyejua kuandika hakutia sahihi kwenye karatasi yoyote. Basi. Hakuna atakayekugusa, na mimi hakuna atakayenigusa.

Karani tutamtunza. Ana watoto wawili, shule yao nitalipa mimi mpaka mwisho. Nimemtumia ujumbe.

Damu ni nzito kuliko maji, Bibi.

Mjukuu wako


21 Mei

Mume wangu,

Salamu sitarefusha. Tuko hai. Mama Mdogo nimemsomea ukurasa wako wa risasi. Niliusoma kwa sauti, akaomba nirudie pale pa faida. Nikarudia. Akatoka nje akasimama uani, mvua inanyesha, nikamwita, hakuingia. Mtu aliyelowa mikono kwa miaka kumi na tisa ukamwambia kwamba akiba yake ndiyo iliyonunua risasi zinazomletea shuka, unataka aseme nini? Tangu siku hiyo hataki nikutaje.

Wakili wako alikuja Jumatatu pamoja na daktari wake. Daktari kijana mzuri, viatu vinang'aa. Akaniuliza, "Bibi, leo siku gani?"

Nikamwambia, "Jumatatu. Na wewe shati lako limepigwa pasi na mtu mvivu, kola ina mikunjo miwili."

Akaniuliza nina miaka mingapi. Nikamwambia ninayo ya kutosha kumzaa baba yake. Akamtazama wakili. Wakili akasema, "Andika tu, daktari." Akaandika tu! Mbele yangu, kwamba sina akili, bado chai yangu ya kwanza hajaimaliza.

Kisha wakili akafungua kisanduku cha wino, akanishika mkono. "Dole gumba hapa, Bibi, kidogo tu."

Nikauvuta mkono wangu. Nikamwambia, "Baba, unanishika mkono wewe nani? Hata mwenye mahari aliomba kwanza."

Akacheka. Mimi sikucheka. Sikiliza nikuambie jambo ambalo hukuwahi kuuliza. Nilikuwa na miaka hamsini na nane nilipoingia darasa la watu wazima. Tulikalia madawati ya watoto, magoti yanafika kidevuni. Mwalimu alikuwa kijana ambaye ningeweza kumzaa. Miaka yote ya hospitali, siku ya mshahara, mhasibu alikuwa ananisukumia wino bila kunitazama, kisha ananipa kitambaa nifute kidole. Naondoka pale na kidole cheusi, ninakificha ndani ya ngumi mpaka nyumbani, ili wewe usikione ukiwa na madaftari yako. Miaka miwili nilikaa kwenye lile dawati ili nisiweke dole gumba tena mpaka naingia kaburini. Leo wewe, mwenye madaftari, ndiye unayenirudishia wino.

Cheti kiko mezani. Wakili amekiacha, na kisanduku amekiacha. Sijaweka kitu. Wala sijasema sitaweka. Kila ninapopita nakitazama.

Najua ni nini kiko pale. Nikiweka dole, wewe unapona, yule mama wa miwani anafungwa, wakili mwenyewe amenitajia miaka kumi kama mtu anayetaja bei ya kitenge. Nisipoweka, yeye anarudi kwa watoto wake na wewe ndiye unayefungwa. Nimekulea tangu mama yako alipofia mikononi mwa mkunga. Ulikuwa unalala ndani ya kapu la shuka safi, nikikunja upande huu wewe unakojoa upande ule. Nani anayeweza kuniambia niandike jina langu kisha niende nikale?

Na kosa langu ninalo. Ulikuwa na miaka tisa, ukaazima mpira kwa mtoto wa mwashi, ukaukodisha kwa watoto wa mtaa wa pili, mwenye mpira ukampa pipi moja. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nilisema, "Huyu hatalala njaa." Niliwasimulia madobi wote. Siku ile ilitakiwa nikuchape, nikakupigia makofi.

Kwa hiyo nakuomba, na unajua siombi. Njoo. Njoo useme mwenyewe kabla ya tarehe 14. Uwaambie, hii sahihi ni ya bibi yangu, mimi ndiye niliyempa kalamu. Nitakaa kiti cha kando yako. Wakikuzomea wataanza na mimi.

Nijibu upesi. Usinitumie blanketi.

Bibi yako


18 Juni

Bibi,

Natumaini mu wazima.

Siwezi kuja. Nikishuka tu kwenye ndege watakuwa wananisubiri mlangoni. Wewe unadhani mtu anasema kweli, anapewa kiti, mambo yanaisha. Hujui ukubwa wa watu waliomo humu. Mimi ndiye mdogo kuliko wote, ndiyo maana jina linalotafutwa ni langu.

Unanihukumu ukiwa chini ya paa ambalo halivuji. Umeandika mwenyewe kwamba halivuji. Nani aliliezeka? Dawa za goti, za presha, jino la Mama Mdogo, mazishi ya babu yaliyofanya mtaa mzima useme huyu mzee alikuwa na mjukuu? Hukuwahi kuniuliza zinatoka wapi. Uliniuliza zinakuja lini.

Na kwa kuwa umeamua tusemezane kweli, na mimi nina yangu. Umesema nilikuwa mlangoni nimekupa mgongo. Niligeuka, Bibi. Nilikuona. Ulisoma. Wewe ukisoma midomo inatikisika, ulivyojifunza kule darasani. Midomo yako ilikuwa inatikisika karatasi ya kwanza yote, mpaka chini. Halafu ukanyanyua macho ukanitazama, nikasubiri useme neno. Ungesema neno moja tu ningeikunja ile karatasi. Ukauliza, "Kalamu iko wapi?"

Sasa nenda ukawaambie unajua kuandika. Watakuuliza kama unajua na kusoma.

Sema umesahau. Kusahau si uongo kwa mtu wa umri wako. Ukiandika jina lako mbele ya wale watu, usitegemee kunitia machoni tena katika maisha haya. Sikutishi. Nakueleza yatakayotokea.

Mjukuu wako


16 Julai

Mjukuu wangu,

Utani wa mume na mke nimeuweka kando kidogo, usikasirike. Ni barua ya kazi hii.

Mama Mdogo amekubali nikusalimie kwa niaba yake. Kwa siku hizi hilo ni kubwa. Fundi saa amenisaidia bahasha. Mvua zimekwisha.

Barua yako ya Juni niliipata, nikaisoma, midomo ikitikisika. Nilikaa nayo wiki tatu. Nilitafuta la kukutukana, sikulipata, maana ulisema kweli. Katika barua zako zote hiyo ndiyo iliyokuwa na kweli nyingi kuliko zote, nawe uliiandika ili uninyamazishe.

Sasa nikusimulie, usije ukasimuliwa na wakili.

Mahakama yenyewe ni chumba kidogo, kirefu, rangi ya kijani imebanduka mpaka usawa wa mabega ya watu wanaoegemea. Feni moja inazunguka, nyingine imefungwa kwa kamba. Karani alikuwa peke yake kwenye benchi la washitakiwa. Miwani imevunjika mkono mmoja, ameifunga kwa uzi. Watoto wake walikuwa nyuma na shangazi yao, wa mwisho ana sare ya shule, naona alitolewa darasani. Mama yao hakunitazama. Alikuwa anatazama mikono yangu.

Wakili wako akasimama akasema huyu bibi ni mgonjwa wa kusahau, cheti kipo, bado kidole tu. Hakimu ni mwanamke, mfupi, sauti ya chini. Akaniuliza kama nimeelewa yaliyosemwa.

Nikamwambia, "Nimeelewa. Anasema mimi ni mwehu, ila kwa lugha ya kulipwa."

Watu wakacheka. Hakimu hakucheka. Akasema nipewe karatasi tupu na kalamu, niandike jina langu nikiweza.

Mjukuu wangu, nikuambie jinsi ilivyokuwa, maana hakuna aliyeona. Walinisogezea meza. Karatasi ilikuwa inateleza, wala hapakuwa na mtu wa kuishika. Nikaibana kwa kiwiko. Na pale nilijua naweza kuharibu. Ningeweza kutetemesha mkono, nikachora mchoro wa kuku, wangesema masikini bibi wa watu. Nilikuona wewe ndani ya lile kapu. Niliona kichwa chako chote, hata ile sehemu isiyoota nywele. Nilikaa hivyo mpaka hakimu akasema, "Bibi, ukishindwa si aibu."

Nikaandika. Herufi zote, na mkia.

Wakaiweka kando ya ile ya kampuni, wakainama wote watatu, hakimu, mwendesha mashtaka na wakili wako. Kisha mwendesha mashtaka akaniuliza, "Nani alikupa karatasi hizi?"

"Mume wangu," nikasema. Ulimi tu. Chumba kizima kikacheka tena, hata askari. Nikasema, "Mjukuu wangu," nikataja jina lako lote, la kwako, la baba yako na la babu yako. Baada ya hapo hakuna aliyecheka.

Wakili wako akaruka. Akasema, "Bibi, hebu iambie mahakama, ulidanganywa, sivyo? Uliambiwa ni karatasi za hospitali, ukatia sahihi bila kusoma?"

Unaona alivyokuwa mwerevu. Alikuwa ameshaona mambo yameharibika, akanifungulia mlango mwingine. Ningesema ndiyo, basi, mimi ni kikongwe niliyedanganywa na mjukuu mbaya, narudi nyumbani na jina langu safi. Lawama yote inabaki kwako. Mpelelezi mwenyewe, yule wa suti ya kijivu, alikuwa ananiashiria kwa kichwa kunihimiza, sema ndiyo, Bibi, sema ndiyo.

Nikasema, "Nilisoma."

Hakimu akasema, "Rudia."

Nikarudia. Nikamwambia, nilisoma karatasi ya kwanza yote. Nilitafuta neno hospitali, sikuliona. Nilitafuta wodi, sikuliona. Nilirudi juu nikatafuta tena, nikidhani ni macho. Niliona kampuni, niliona mkurugenzi, na jina langu limepigwa chapa safi kabisa. Nikajua si wodi. Sikujua ni masanduku, hilo sikujua, ningelijua nisingelala. Lakini nilijua kwamba mtu mwenye jambo jema halifichi kwenye jina la dobi mzee. Nikatia sahihi.

Akaniuliza kwa nini.

Sikuwa nimejiandaa kwa hilo. Nilimwambia kwa sababu paa lilikuwa jipya. Kwa sababu huyu mama wa miwani alikuwa ananitazama kwa heshima, na mimi nilitaka aone naandika. Kwa sababu ningeuliza, mjukuu wangu angejibu, na jibu lake ningelazimika kulijua mpaka leo. Nikamwambia, "Nilinyamaza kwa raha zangu, mama. Hakuna aliyenishika mkono."

Karani ameachiwa jioni ileile. Hakuja kunishukuru, na mimi nisingepokea. Alipopita alisimama kidogo, akasema, "Bibi, nilikuwa naogopa utasahau." Akawachukua watoto wake akaenda. Miezi minne amekaa ndani kwa sababu yetu wawili, mimi na wewe, akiwa hana hata kosa la kukohoa.

Mimi nimeandikwa mshitakiwa wa kwanza, kwa kuwa ndiye mkurugenzi. Wewe ni wa pili. Kwa mara ya kwanza nimekushinda cheo. Mama Mdogo amenidhamini, nalala nyumbani, ila nimekatazwa kutoka mjini, kana kwamba goti litakubali. Picha zako za gazeti nimezibandua ukutani. Nimezitia kwenye kabati, sikuzichana. Akiba yake Mama Mdogo amekwenda kuitoa kwenye mfuko, wamemwambia arudi mwezi wa kumi.

Ulisema nikiandika jina langu sitakuona tena. Hilo ni uamuzi wako, mimi nimekwisha amua langu. Sikukuuza. Mtu hauzi alichokibeba mgongoni. Nimekataa tu tubebwe na mtu mwingine. Kama kuna kifungo, tukigawane sisi tuliokula.

Kesi ni tarehe 9 Agosti. Benchi lile linatosha watu wanne, wala si baya, nimelikalia tayari. Mimi nitakaa mwisho, upande wa ukuta, niegemeze mguu. Upande wa pili uko wazi. Wakiita jina lako na hujafika, nitasimama mimi niseme bado yuko njiani.

Njoo mapema. Saa tatu kamili wanafunga mlango.

Bibi yako